Kubadili dayodi kwa mosfeti hakukutosha: nilivyokwama kurudisha umeme kutoka betri ya bajaji

Fundi_wa_Ilomba (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kwa amani.

Mimi ni fundi wa mashine za kuchomelea na inveta hapa Mbeya. Jamaa yangu alinunua bajaji ya umeme, betri yake volti 72, ampea-saa 100, yaani kama kilowati-saa 7.2 ikijaa. Usiku anachaji, mchana anabeba abiria Kabwe hadi Uyole. Jioni moja umeme ukakatika mtaani. Tumekaa kwake gizani, na pale uani imeegeshwa betri inayoweza kuwasha taa, tivi na friji mpaka kuche. Akaniuliza: "Chaja hii si ndiyo inaingiza umeme? Kwa nini isiutoe?"

Nikamjibu kifundi: chaja ina dayodi, na dayodi ni njia moja. Nitazing'oa niweke mosfeti (swichi za kielektroniki), umeme utarudi ulikotoka. Maneno hayo niliyasema nikiwa nimeshiba ugali wa mwenyewe. Yamenigharimu miezi minne.

Kwa wasiojua kilichomo ndani ya chaja. Umeme geu wa ukutani, volti 230, unaingia hatua ya kwanza, unanyooshwa na kupandishwa hadi kama volti 400 zinazokaa kwenye kapasita kubwa. Hatua ya pili inazikatakata hizo 400 kwa kasi sana, inazipitisha kwenye transfoma ndogo yenye kiini cha feraiti, kisha upande wa pili zinanyooshwa tena kuwa volti za betri. Transfoma haikwepeki. Inatenganisha betri na laini, ili abiria akishika bomba la bajaji inayochaji asiwe ameshika nguzo ya umeme.

Shida zangu zote zilikuwa kwenye hatua ya pili. Chaja nzuri za siku hizi hazikati umeme kibabe, zinatumia resonansi. Mnaijua Noah ikizama kwenye tope njia za Rungwe masika? Ukiisukuma moja kwa moja unatoa jasho bure. Mkiitikisa mbele na nyuma mkifuata mwendo wake wenyewe, watu wanne wanaitoa. Koili na kapasita zikiungwa mfululizo nazo zina mwendo wao. Yangu ilikuwa koili ya mikrohenri 20 na kapasita ya nanofaradi 56, mwendo wake ni kilohezi 150 hivi. Ukizisukuma kwa masafa hayo, mkondo unapita kama vile koili na kapasita hazipo.

Faida yake kubwa ni swichi kutopata moto. Kuwasha mosfeti wakati ina volti 400 ni kuruka daladala ikiwa mwendo. Mosfeti yenye pikofaradi 300 kwenye matokeo yake inapoteza mikrojuli 24 kila inapowashwa hivyo; zidisha mara 150,000 kwa sekunde, ni wati 3.6 kwa swichi moja, na bado hujahesabu hasara nyingine. Kwenye resonansi mkondo wenyewe unashusha volti mpaka sifuri kabla hujawasha. Gari limesimama, unashuka kistaarabu.

Naendelea chini, bando lisije likakata.

Kijiti

Naweka kigoda hapa. Mwenye karanga apitishe.

Mnyalukolo_Mafinga

Kamwene, mkuu. Umeandika vizuri ila umeruka. Kuna resonansi za aina nyingi. Yako ni ipi, ile ya LLC?

Fundi_wa_Ilomba

Kamwene sana. Ndiyo, LLC: koili mbili na kapasita moja. Koili ya kwanza ndiyo hiyo ya mikrohenri 20. Ya pili ni sumaku ya transfoma yenyewe, mikrohenri 100, ambayo unaipata kwa kuacha upenyo mdogo katikati ya feraiti (mimi niliweka kipande cha karatasi ya daftari, msinicheke). Transfoma nilizungusha mizunguko 28 upande wa laini na 5 upande wa betri, uwiano 5.6. Zidisha 72 kwa 5.6 unapata 403, karibu kabisa na zile 400. Betri ikiwa tupu ni volti 60, ikijaa 84. Nikitaka volti zaidi napunguza masafa, nikitaka chache naongeza. Kuchaji kulikwenda kama siagi kwenye mkate wa moto, wati 1,500 na hitisinki (bati la kupozea) unaishika kwa mkono.

Basi nikang'oa dayodi za upande wa betri, nikaweka mosfeti. Hatua ya kwanza nayo nilishaijenga upya kwa mosfeti tupu, maana daraja la dayodi pale mlangoni nalo ni njia moja. Nikageuza programu: upande wa betri usukume, upande wa laini unyooshe.

Umeme ulirudi! Taa ikawaka. Nikampigia jamaa simu usiku huohuo.

Kesho yake tukaweka pasi. Betri ilikuwa imeshuka hadi volti 62. Taa zikaanza kuzimika na kuwaka, tivi ikagoma. Nikaweka oskiloskopu (kifaa cha kuchora wimbi la umeme) kwenye wimbi la 230, vilele vimekatwa kama nywele za mwanajeshi. Hesabu yake ni hii: wimbi la volti 230 lina kilele cha volti 325, kwa hiyo zile 400 za katikati hazitakiwi kukaribia 325. Sasa 62 mara 5.6 ni 347, na ukitoa kinachopotea njiani chini ya mzigo, mimi nilikuwa napata 330 na ushee. Haitoshi.

Mchaji_Mchaji

Mkuu si ungeshusha masafa tu? Umesema mwenyewe ukishusha masafa volti zinapanda.

Fundi_wa_Ilomba

Hapo ndipo nilipolala na mita kifuani wiki tatu. Nilishusha masafa, volti hazikupanda hata moja. Nikishusha zaidi zinapungua.

Chora kwenye karatasi utaona. Wakati wa kuchaji umeme unapita kwanza kwenye kapasita na koili ndogo, ndipo unaikuta ile sumaku ya transfoma. Sumaku iko nyuma ya koili, inashirikiana na kapasita kwenye mtikisiko, na ndiyo inayoinua volti masafa yakishuka. Sasa geuza. Swichi za betri zimeunganishwa moja kwa moja kwenye transfoma. Sumaku imekaa sambamba na chanzo, imeshikiliwa na volti za betri, haina uhuru wa kutikisika na mtu. Inakunywa mkondo wake kidogo pembeni na basi. Kinachobaki njiani ni koili ndogo na kapasita peke yake, na hao wawili wakiungwa mfululizo hawainui volti kamwe. Wakijitahidi sana wanakupa kile ulichoingiza.

Kwa hiyo nilikuwa na kigeuzi kinachopanda mlima kikienda na hakiwezi kupanda kikirudi. Mosfeti sikukosea kuziweka. Nilichokosea ni kudhani kwamba njia ni ileile.

KitongaKwaTaa

Naomba kuuliza kama dereva. Mimi naendesha gari la umeme, Nissan Leaf ya mtumba, Iringa hadi Dar mara mojamoja nikiwa na roho ngumu. Nikishuka Kitonga betri inajaa yenyewe, nakanyaga breki umeme unarudi. Sasa kama mota inarudisha umeme kirahisi hivyo, chaja inashindwa nini?

Fundi_wa_Ilomba

Swali tamu. Kati ya betri na mota kuna swichi sita tu, hakuna transfoma wala resonansi, kwa sababu mota haijaunganishwa na laini ya nyumba ya mtu. Hapahitaji kutenganishwa kwa namna hiyo. Swichi zile kwa asili yake ni njia mbili. Kinacholeta kazi kwenye chaja ni transfoma pamoja na hivyo vitikisiko vyake.

Na kwa faida yako: gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo linaachia kilowati-saa 0.41 kabla ya kutoa kinachopotea. Usiondoke Iringa mjini na betri imejaa pomoni, maana Kitonga utakuta betri haina pa kuuweka umeme, ubaki na breki za kawaida.

Mnyalukolo_Mafinga

Niongezee kuhusu Leaf maana watu wanaziagiza Japani wakidhani tundu la kuchajia nyumbani litawasha nyumba. Haliwashi. Chaja iliyomo ndani ya gari lile ni ya njia moja. Umeme unatoka kupitia lile tundu lingine kubwa la kuchaji haraka, la CHAdeMO, ambalo linaifikia betri moja kwa moja, na kigeuzi cha njia mbili kinakaa nje ya gari, kwenye kabati la ukutani. Baada ya tetemeko la Machi 2011 kule Japani watu walikaa bila umeme huku magari yana betri zimejaa, na mwaka 2012 Nissan na Nichicon wakatoa kabati la namna hiyo, kilowati 6. Gari ukilipata bila kabati, una nusu ya kitu.

Mhandisi_Asiye_na_Kazi

Mleta uzi, hizo resonansi za nini zote? Tumia madaraja mawili yanayosukumana kwa kupishana awamu. De Doncker na wenzake waliandika hayo 1991. Daraja la swichi nne huku, la swichi nne kule, transfoma na koili moja katikati. Ukitaka umeme uende, daraja la huku linatangulia kidogo. Ukitaka urudi, la kule linatangulia. Pande zote mbili zinafanana, hakuna cha kukwama.

Fundi_wa_Ilomba

Mhandisi, nakubali kabisa na nililijaribu kwenye meza. Linarudi vizuri, na kugeuza mwelekeo ni rahisi kuliko kwangu. Ila volti za betri zikiwa mbali na uwiano wa transfoma na mzigo ukiwa mdogo, ule ustaarabu wa kushuka gari likiwa limesimama unapotea, na mkondo unazunguka tu bila kufanya kazi. Betri ya bajaji inatoka 60 hadi 84, na usiku nyumba inatumia wati 150. Kwangu mimi huo mzigo mdogo ndio saa nyingi zaidi.

Mhandisi_Asiye_na_Kazi

Kuna mbinu za kupanga upana wa mapigo zinazopunguza hilo.

Fundi_wa_Ilomba

Zipo, na zinataka mtu mwenye kichwa chako. Njoo Ilomba, kahawa ipo.

Dawa niliyoitumia mimi ni kuufanya upande wa betri ufanane na upande wa laini. Unaweka koili na kapasita kule pia. Hiyo ndiyo inaitwa CLLC. Sasa umeme ukitoka betri unakutana kwanza na kapasita na koili, kisha sumaku, kama tu unavyokwenda. Sumaku imepata uhuru wake huku na huku. Faida ya ziada: kapasita iko pande zote mbili, kwa hiyo hata mapigo yako yakipinda kidogo, mkondo mnyoofu haupiti kuishibisha feraiti sumaku mpaka ishindwe kazi.

Kwa maneno ni rahisi. Sasa sikieni kilichonitoa machozi. Thamani za upande wa pili zinafuata uwiano mara uwiano wenyewe. 5.6 mara 5.6 ni 31 na kitu. Kapasita inazidishwa: nanofaradi 56 inakuwa mikrofaradi 1.76. Koili inagawanywa: mikrohenri 20 inakuwa 0.64. Wakuu, 0.64! Waya mtupu wa sentimita 10 una takriban mikrohenri 0.1. Yaani nikirefusha waya wa kwenda kwenye mosfeti kwa kiganja, nimeharibu koili kwa asilimia 15. Nilifunga koili mara tisa kabla sijaelewa kwamba koili yangu kubwa kuliko zote ni huo waya wenyewe. Mwisho nikatumia vipande viwili vya shaba bapa, vimelaliana na karatasi ya kuhami katikati, vifupi iwezekanavyo.

Kapasita nayo si ya mchezo. Wati 1,500 kwa volti 72 ni ampea 21, na kwa umbo la wimbi lile inakuwa kama ampea 23 zinazopita ndani ya kapasita yenyewe, mara 150,000 kwa sekunde. Niliweka moja kubwa ya njano niliyoitoa kwenye mashine mbovu, ikavimba kama andazi. Sasa nimepanga 18 za polipropilini, nanofaradi 100 kila moja, sambamba. Kila moja inabeba ampea 1.3 na zinabaki vuguvugu.

Matokeo: betri ikiwa volti 62 napata 380 katikati chini ya mzigo wa pasi. Wimbi limerudi duara.

Kijiti

Na mosfeti, hakuna zilizokufa?

Fundi_wa_Ilomba

Nilijua utauliza. Zilikufa kwa uzembe wangu, si kwa nadharia. Niligeuza mwelekeo papo hapo bila kuacha mtikisiko utulie. Nusu wimbi ni mikrosekunde 3.3 tu, mnyooshaji akichelewa kuzima, mkondo unageuka na kurudi kwenye swichi ambayo bado imewashwa. Sasa programu inazima kila kitu, inasubiri, inapima, ndipo inaanza upande wa pili. Nani anaharakisha usiku na umeme umekatika?

Mzee_wa_Laini

Vijana wangu nawapongeza, ila mnisikilize. Nimepanda nguzo miaka mingi kabla ya kustaafu. Transfoma ile ya nguzoni mtaani kwenu haijui nani mzalishaji. Ukirudisha volti 230 kwenye laini iliyokatwa, kule juu inatoka zaidi ya elfu kumi, kwenye laini za kilovolti 11 au 33. Fundi amepanda anajua kumekatwa. Kijana, chaja yako ina nini cha kuzuia hilo?

Fundi_wa_Ilomba

Shikamoo mzee. Nimeweka swichi ya chenjiova ya mkono, ina shingo moja: ama nyumba iko kwenye laini, ama iko kwenye bajaji, haiwezi kugusa kote. Sirudishi hata wati moja kwenye laini. Na hata kama ningetaka kuuza, mita nyingi za malipo ya kabla huhesabu mkondo wa kinyume kama matumizi, au huuona kama hila na kufunga. Ningekuwa nalipia umeme wangu mwenyewe.

Mzee_wa_Laini

Marahaba. Ya mkono ni nzuri. Usije ukashawishika na zile za kielektroniki peke yake. Na uandike kibao, maana siku haupo atakuja shemeji yako kuchomeka.

Wa_Makete

Je, huku Kitulo itafanya kazi? Juni asubuhi tunakuta barafu kwenye majani.

Mnyalukolo_Mafinga

Mambo mawili. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani bila kukuambia. Ipashe kwanza au subiri jua. Kutoa umeme ni nafuu. Pili, vifaa vingi vinapimwa kwa kimo cha hadi mita 2,000. Mbeya mjini mpo kama 1,700, mnapona. Kitulo mnapita 2,600. Hewa ni nyepesi, cheche inaruka kirahisi zaidi na upozaji ni dhaifu. Kwa mita 3,000 viwango vinataka nafasi kati ya njia za umeme iongezwe kwa asilimia 14. Mleta uzi akikujengea, mwambie asibane bodi.

BibiMaziwa

Wanangu, nimesoma yote, nusu sijaelewa. Nipo Kiwira, nina ng'ombe watano na katangi ka kupozea lita 100. Umeme ukikatika jioni, asubuhi maziwa yamechacha na mwenye gari la kukusanya anayakataa. Mjukuu wangu ana bajaji kama hiyo. Itanisaidia au hii ni ya taa na tivi?

Fundi_wa_Ilomba

Shikamoo mama. Tuhesabu. Lita 100 kutoka joto la ng'ombe, nyuzi 35, hadi nyuzi 4: ni joto la kilowati-saa kama 3.5. Mashine ya kupoza nzuri inatumia chini ya nusu ya hiyo kwa umeme, tuseme 1.4. Betri ya mjukuu ina 7.2 ikijaa. Kwa hiyo umeme wa kutosha upo, na kesho yake anabaki na wa kupeleka abiria.

Tatizo ni kuwaka kwa kompresa. Kigeuzi changu mwisho wake ni ampea 6.5 kwa volti 230. Kompresa inayotembea kwa ampea 4 inaweza kudai mara tano wakati wa kuanza. Itazima kigeuzi kabla haijazunguka. Itabidi tuweke kifaa cha kuianzisha polepole, kama itakubali.

BibiMaziwa

Marahaba. Sasa mimi zamani kabla ya tangi nilikuwa naweka ndoo kwenye maji ya kijito hapa nyuma, yanatiririka mwaka mzima, baridi kweli. Bado naweza.

Fundi_wa_Ilomba

Mama, umeniumbua. Maji hayo yakishusha maziwa hadi nyuzi 18, kazi inayobaki kwa kompresa ni chini ya nusu, kama kilowati-saa 0.63. Ila kuanza bado ni kuleile. Naomba picha ya kibao cha kompresa, kile cha bati pembeni.

BibiMaziwa

Kibao kimefutika. Kuna namba 3 na kitu kinachofanana na 8.

Fundi_wa_Ilomba

Basi nakuja Jumamosi na mita ya kubana waya, tuiwashe mara tatu tuone inavuta ngapi. Mjukuu asiende kazini asubuhi.

Kijiti

Na mimi nakuja. Mama, mtindi upo?

BibiMaziwa

Ndaga fijo wanangu. Mtindi upo, ila njooni kabla ya saa nne, wakishafika wa gari haubaki.